Picha Alizozifuta Mama

Kamera ilifika kijijini kwetu, Mbingu, imeviringishwa ndani ya kitenge. Shangazi yangu alikuwa mpishi katika nyumba ya wageni Ifakara, na mgeni mmoja alipokuwa anarudi kwao alimwachia. Alihangaika nayo wiki mbili, kisha akaniletea mimi, niliyekuwa nyumbani likizo ya kidato cha tatu.

"Wewe ndiye msomi," alisema. "Mimi kazi ya kutafuta betri siiwezi."

Ilikuwa ya rangi ya fedha, kubwa kama kipande cha sabuni, na kioo chake cha nyuma hakikuzidi kiberiti. Ukibonyeza, ilikawia kwanza, na ilipokuja kupiga, mtu alikuwa ameshafumba macho au amegeuka kufukuza kuku. Betri zilikwisha baada ya picha saba au nane. Tulizianika juani juu ya bati, zikatupa picha mbili zaidi. Na kila ulipozitoa betri, kamera ilisahau tarehe, kwa hiyo picha zetu zote, za masika na za kiangazi, zimeandikwa tarehe moja Januari.

Kadi yake ilibeba picha thelathini na kidogo tu. Hatukuwa na kompyuta, kwa hiyo ilipojaa ilibidi tufute. Kazi hiyo ilifanyika Jumapili baada ya misa, tumekaa mkekani, na Mama ndiye aliyeamua. Kitufe cha kufuta alikijua kabla ya kujua cha kupigia. Picha aliyosimama mlangoni pa kanisa amevaa kitenge kipya ilibaki. Ile tuliyopiga tumeegemea gari jeupe la wageni waliokuja zahanati, gari ambalo hatukuwahi kulipanda, nayo ilibaki. Zilizoondoka ni zile ambazo mtu alikutwa anafanya kazi.

Nakumbuka moja vizuri. Ulikuwa msimu wa kuamia ndege, mpunga unakaribia kuiva, na Mama alikuwa shambani juu ya dungu, lile jukwaa la miti la kufukuzia ndege. Kanga kuukuu ameifunga kiunoni, tope limemfika magotini, kombeo mkononi, mdomo wazi anapiga kelele. Nilimwonyesha jioni ileile.

"Futa hiyo," alisema.

"Mama, imetoka vizuri."

"Tope ndilo limetoka vizuri. Ukiwaonyesha wenzako shuleni, watasema mama yako ni nani?"

Nami nilikuwa nimeshawaza hivyohivyo. Baba, ambaye ni mtu wa maneno machache, aliinama akaitazama.

"Iacheni kwanza," alisema. "Kadi haijajaa."

Siku chache baadaye alikuwa anapeleka mpunga mashineni Ifakara, akaniomba kamera. Alisema ana rafiki yake huko hajawahi kuona kitu kama hicho. Jumapili iliyofuata kadi ilijaa, nikaifuta ile picha mwenyewe, Mama akiangalia. Tangu hapo Baba hakwenda mjini bila kamera. Tulimcheka, tukasema anaringia vya watu. Haikupita miaka miwili kamera ikanidondokea kwenye mfereji na haikuwaka tena.

Sasa mimi ni mwalimu hapahapa Ifakara. Mwaka huu nilikwenda Mbingu kumsaidia Baba kutafuta karatasi za shamba. Ndani ya sanduku la bati, chini ya vyeti vyetu vya ubatizo, nilikuta sidii tatu ndani ya bahasha ya kaki. Juu ya bahasha Baba alikuwa ameandika kwa kalamu: "Picha za nyumbani. Zisifutwe."

Nilimwomba nizichukue, akaitikia kwa kichwa.

Laptopu yangu haina mahali pa kuingiza sidii. Nilizunguka stesheneri nne kabla ya kumpata mama mmoja karibu na soko aliyekuwa na kompyuta ya zamani chini ya meza. Aliipangusa vumbi, akanivutia kiti. Sidii moja ilikuwa imekwaruzika, haikufunguka. Mbili zilifunguka. Dada yangu akimenya mihogo, nywele zimesukwa upande mmoja. Mama amelala juu ya magunia ya mpunga. Mimi nasugua sufuria kwa majivu, nimekunja uso. Na Mama juu ya dungu.

"Ni ndugu zako?" mwenye duka aliuliza, maana nilikuwa nazirudia picha zilezile.

"Ni sisi," nilisema.

Jumamosi niliwapelekea. Baada ya shikamoo na chai niliifungua laptopu mezani. Mama alivaa miwani, akatazama picha tatu nne.

"Hizi si tulizifuta?"

Nilimtazama Baba. Alikuwa anakoroga chai ambayo sukari yake ilikuwa imeshayeyuka.

"Kila nikienda mjini nilimpa fundi wa studio azinakili kwenye sidii kabla hamjazifuta," alisema.

"Mbona hukuniambia?"

"Ungenikataza."

Nilidhani Mama atakasirika. Badala yake alisogeza kiti, akaniambia nirudishe ile ya dungu na niikuze. Akaanza kusimulia. Mwaka ule kweleakwelea, wale ndege wala mpunga, walikuwa wengi kuliko miaka yote. Sauti yake ilisikika hadi stesheni ya reli. Alipita na kidole kutoka kona moja ya shamba hadi nyingine, kisha kidole kikasimama kwenye madoa mawili ya kahawia nyuma ya mpunga.

"Hawa ng'ombe unawajua?"

Sikuwajua. Akanieleza kwamba mwaka huo Baba aliugua wakati wa kulima. Jirani mmoja Msukuma, aliyekuwa amehamia juzijuzi na ambaye watu wengi walikuwa bado hawajamzoea, alikuja na maksai wake akatulimia shamba lote bila kuombwa. Mpunga ule ndio ulionirudisha shule. Wakati wa kulima mimi nilikuwa bwenini, sikuambiwa.

"Hatujawahi kumshukuru ipasavyo," alisema Mama. "Nitolee hiyo kwenye karatasi, kubwa."

"Hiyo ya tope?"

"Hiyohiyo."

Wiki iliyofuata tulikwenda wote watatu. Mzee yule sasa ana mvi na ng'ombe wake wanachungwa na wajukuu. Mama alimpa picha kwa mikono miwili, akamwambia imechelewa, lakini ni ahsante ya ule mwaka. Mzee aliishika mbali na macho, kisha karibu. Mama wa pichani hakumtazama kabisa; macho yake yalikwenda kwa maksai.

"Huyu wa kushoto alikuwa mvivu," alisema. "Huyu wa kulia ndiye aliyewalimia."

Baba alicheka mpaka akakohoa. Mke wa mzee akatuletea maziwa mgando kwenye kibuyu, tukakaa hapo hadi jua likapungua, wazee wakihesabiana misimu ya mpunga.