Simiti Iliyouzwa Mara Mbili

Mimi hakuna kitu cha kunishangaza. Niliacha shule darasa la sita, nikauza misumari ya kupima kwa mkebe, na kabla sijafika miaka arobaini nilikuwa na duka la vifaa vya ujenzi hapa Machakos, kaunta mbili na stoo nyuma. Wenye digrii walinunua mabati kwangu. Kwa hiyo nilipoingiza kompyuta, sikumwogopa yule mwalimu wa chuo aliyeniandikia programu ya mauzo. Nilimpa sharti moja.

"Mwalimu, kwangu mteja hangoji. Akilipa tu, risiti itoke."

"Hata kabla kompyuta haijamaliza kupunguza hesabu ya stoo?"

"Risiti kwanza. Hayo mengine yatafuata."

Alinitazama, akaandika nilivyotaka.

Ikaenda vizuri mpaka siku moja ya soko. Kikundi cha akina mama wa Kalama kilikuwa kimelipia mifuko arobaini ya simiti asubuhi, ya kujenga bwawa la mchanga, ukuta wa kuzuia mchanga na maji mtoni. Mawe walishayakusanya. Mvua ikiwakuta bila ukuta, wangengoja mwaka mzima. Waliporudi na lori la kukodi, stoo ilikuwa tupu. Fundi mmoja alikuwa amebeba mifuko ile ile arobaini, na risiti halali ya kaunta ya pili, ya asubuhi ile ile.

"Baba, hii risiti ni yako?" mwenyekiti wao akaniuliza.

"Ni yangu."

"Basi tupakie hii karatasi. Tutajenga nayo ukuta."

Wenzake wakacheka, wakaketi barazani. Dereva wa lori akazima injini.

Nikamwita mwalimu. Akauza mfuko mmoja kwenye kompyuta, hesabu ikapungua. Akauza kumi, ikapungua. Saa nane ikapita, saa tisa ikapita. Miguu iliniuma, na kila jaribio lilitoka sawa.

"Mzee, programu ni nzima. Angalia wafanyakazi wako."

Hapo ndipo nilipoona kwamba alikuwa anauza peke yake, pole pole, kama mtu asiye na foleni. Nikamwambia aandike tuna ndoo moja tu ya rangi. "Kaa kaunta hii, mimi nikae ile. Nikisema sasa, bonyeza."

Ndoo moja, risiti mbili.

Mwalimu akafungua programu yake, akaisoma. "Ziko amri mbili," akasema. "Ya kwanza inapunguza stoo, ya pili inatoa risiti. Ya pili haingoji ya kwanza imalize. Katikati hapo, kaunta nyingine bado inaona mali iko." Kisha akaongeza, bila ukali, "Wewe ndiye uliyekataa ingoje."

Mwenyekiti alikuwa anatusikiliza kutoka mlangoni. "Kwa mwethya ukipitisha jiwe, unaachilia kabla mwenzako hajasema nimeshika?"

Nimekulia kwenye mwethya, kazi yetu ya pamoja kijijini, nikipitisha mawe ya matuta mkono kwa mkono kabla sijajua kusoma. Hilo halikuhitaji mwalimu wa kunifundisha.

Mwalimu akabadilisha, kila amri ingoje jibu la iliyotangulia. Risiti ikawa inachelewa kidogo, na nikaikubali hivyo. Nikavuka barabara kwa mshindani wangu, nikanunua mifuko arobaini. Aliniona nilivyochoka, akaongeza shilingi thelathini kwa kila mfuko. Lori liliondoka jua likiwa bado juu.

Nyongeza ya simiti elfu moja mia mbili, lori kungoja elfu mbili mia tano, mwalimu elfu tano. Neno langu lile la risiti kwanza lilinigharimu shilingi elfu nane na mia saba.