Msusi Aliyesema Hajaumia

Mtaani wanamwita Mstari. Kichwa kikitoka mikononi mwake, njia za nywele huwa zimenyooka kama zimepigwa rula, na wateja hungoja zamu kwenye benchi la saluni yake ya chumba kimoja wakijua kwamba atakayelalamikia foleni atasukwa wa mwisho. Kidole gumba na cha shahada cha mkono wake wa kulia ndivyo vinavyoilisha nyumba tangu mumewe afariki.

Mkono huo ndio aliouangukia.

Alikuwa ameingia dukani mara moja kununua maziwa. Mbele ya friji za vinywaji, vigae vilikuwa na maji yasiyoonekana mpaka mtu ayakanyage. Kandambili ikateleza, akaenda chini kwa kiganja, pakiti ya maziwa ikapasuka.

"Pole, mama. Umeumia?" aliuliza keshia, akiinuka kwenye kiti chake.

Mstari alikuwa amekwisha kusimama, anajipangusa gauni. "Sijaumia. Asanteni." Akalipia hata maziwa yaliyomwagika.

Waliolelewa kama yeye hawahitaji kuelezwa. Mtu mzima akianguka mbele za watu, kwanza husimama, kisha huwaondolea wasiwasi walioona. Maumivu yana zamu yake, baadaye, nyumbani.

Zamu ilifika mapema. Aliporudi saluni kummalizia mteja aliyemwacha nusu kichwa, kitana kilimponyoka. Akakiokota, kikaponyoka tena. Wifi yake, dada wa marehemu mumewe, ambaye huuza nywele za bandia pale mlangoni, alimshika bega la kushoto na kumpeleka hospitali bila kumwuliza kama anataka. Picha ya eksirei ilionyesha ufa kwenye kifundo cha mkono. Daktari aliandika ameangukia wapi na namna gani, akaufunga mkono plasta ngumu, akamwonya: akisuka kabla ya mfupa kuunga, vidole huenda visirudi vilivyokuwa.

"Tunarudi dukani," wifi alisema walipotoka.

"Nikaseme nini, wifi? Nilishasema sijaumia."

"Ulisema wewe. Mfupa haukuulizwa."

Meneja wa duka, kijana mwenye tai na viatu vinavyong'aa, aliwasikiliza mikono ikiwa mifukoni. "Mama, watu wote walikusikia. Ulisema hujaumia, ukasimama mwenyewe. Sakafu yetu ni kavu. Labda ni hizo kandambili."

Mstari alikwenda hadi kwenye friji, akatoa simu kwa mkono wa kushoto na kupiga picha: vigae, maji, mahali yalipokuwa yakichuruzika. Kisha akamgeukia keshia. "Binti, maji haya yalianza leo?"

Keshia alimtazama meneja, halafu akaitazama plasta. "Hapana, mama. Tangu juzi. Tulishasema."

Mwanamke aliyebeba mtoto alikuwa akija na kikapu. Mstari aliunyoosha mkono wenye plasta mbele yake. "Zunguka, mwanangu. Hapa pana maji."

"Sasa umekuwa kizuizi cha polisi," wifi alisema.

"Mama, unanitishia wateja," meneja alisema, akawajia kwa hatua za mtu mwenye duka lake. Kiatu kinachong'aa kikayapata maji. Alikaa chini kwa kishindo, na kabla tai haijatulia kifuani alikuwa amesimama tena.

Wateja wote waligeuka kutazama.

"Pole, baba," Mstari alisema. "Umeumia?"

"Sijaumia."

Keshia aliziba mdomo kwa kiganja. Wifi hakuziba chochote. "Na viatu vya ngozi hivyo," alisema. "Vingekuwa kandambili je?"

Mstari ndiye pekee ambaye hakucheka. Alivuta kreti tupu la soda kwa mguu. "Usiseme bado, mwanangu. Kaa kwanza, uusikilize mwili."

Meneja alikaa. Baada ya muda mkono wake ulishuka polepole hadi kwenye nyonga, ukabaki hapo. Alipoinuka, alimwita fundi wa friji, kisha akaandika taarifa ya ajali mbili, ya Mstari ikiwa ya kwanza, na jina la keshia kama shahidi. Duka liligharamia matibabu, likamlipa na pato la siku zote ambazo kitana kilikaa bila kazi.

Plasta ilipotolewa, kichwa cha kwanza kilikuwa cha keshia. Benchi lilijaa watu ambao hawakuja kusukwa. Mstari alikunja vidole, akavikunjua, akachukua kitana. Hakikuponyoka. Alipasua njia ya kwanza kutoka kwenye paji hadi kisogoni bila kupumzika.

Wifi aliinama kukagua, kwa jicho la wifi. "Imepinda."

Kitana kilisimama hewani. "Wapi?"

"Shingo yako. Njia imenyooka."

Mstari alinyoosha shingo, akaanza ya pili.