Ua Aliloachiwa Mpika Chai

Mume wangu hawezi kuona kikombe kitupu akatulia. Maisha yake yote amekuwa mpika chai wa ofisi. Ukimaliza chako tu, birika limeshakuinamia. Kwa hiyo binti yetu alipokwenda masomoni akamwachia yeye ua lake, mimi niliguna.

Lilikuwa ua la ndani, majani manene yaliyojipanga duara kama waridi. Binti alilikuza mwenyewe chumbani kwake tangu likiwa dogo mpaka likajaza chungu.

"Baba, usilimwagilie mpaka udongo ukauke kabisa. Nikirudi nilikute."

"Ondoa shaka, mwanangu."

Thubutu! Asubuhi anapita dirishani na maji, jioni anapita na maji. Nikimkemea, ananijibu, "Sasa mke wangu, lilale na kiu?" Majani yakalainika, shina likaoza. Siku alipolishika likang'oka lenyewe, mzee mzima alikaa kitini, shina mkononi. Hasira ziliniishia palepale, nikamwonea huruma.

Chungu alikitoa nje, lakini majani machache yaliyokuwa bado mazima moyo wake ulikataa kuyatupa. Akayaweka juu ya kabati, kwenye sinia lake la zamani la chai. Binti akipiga simu, haraka ananipa mimi: "Ongea na mama yako."

Wiki zikapita. Nikapanda kiti kushusha lile sinia, mdomo ukiwa tayari kufoka kwa uchafu ule, nikalisogeza karibu na macho. Majani yalikuwa yametoa vimizizi vyembamba, na penye kila kikonyo kimechomoza kichipukizi cha duara, kidogo kama kifungo cha shati. Wala hakuna aliyeyapa hata tone.

Nilimwita. Alitazama, akanikumbatia nikiwa bado juu ya kiti, nusura tuanguke wote kwa kucheka.

Akatoboa vitako vya makopo ya majani ya chai, akachanganya udongo na mchanga, akapanda. Siku hizi kabla ya kumwagilia anachomeka kijiti kwanza. Kikitoka na unyevu, anarudi jikoni akinung'unika.

Binti alirudi akakuta dirisha limejaa makopo.

"Baba, langu liko wapi?"

"Nililiua, mwanangu," alisema kwa sauti ndogo. "Hawa ni watoto wake."

Binti alishika kopo moja, akashika jingine, machozi na kicheko pamoja. "Wewe baba! Uliwezaje kujizuia kumwagilia?"

Mume wangu akashika birika. Akammiminia chai, macho hayabanduki usoni pa mwanawe. Kikombe kikajaa, kisahani kikajaa, chai ikatiririka mezani. Sikumkataza.