Keki ya Mfunguo Mosi

Bibi yangu alizaliwa siku ya Idi, Mfunguo Mosi unapoanza, na hilo lilikuwa kosa lake la kwanza duniani. Kila mwaka, pale kisiwani Songo Mnara, siku yake ilimezwa na pilau, nguo mpya na watoto wanaodai sikukuu. Nani akumbuke kumpa mtu mmoja hongera wakati kijiji kizima kinapeana mikono? Mwenyewe alikuwa akicheka tu, ila Idi iliyopita aliniambia, "Mume wangu, nitakufa sijawahi kuwa na siku yangu." Kwa Bibi, mjukuu wa kiume ni mume, na mume akiambiwa hivyo hakai kimya.

Mwaka huu nikaagiza keki mjini Masoko, ng'ambo ya maji. Nikapanda nayo boti nimeipakata kama mtoto mchanga, nina hakika kesho yake ni Idi. Jioni mwezi haukuonekana. Msikitini wakatangaza kwamba tunakamilisha thelathini. Maana yake keki ingoje siku nzima nyingine, nyumba haina friji, barafu ya wavuvi imekwisha, na sote tumefunga. Niliukasirikia mwezi, Mungu anisamehe.

Kufika mchana krimu ilikuwa inateremka, maandishi yamekuwa mchirizi wa waridi. Shangazi, anayekaa na Bibi, akafunua sufuria tuliyoifunikia, akaguna. "Hii mpaka kesho itanywewa kwa kikombe." Nilitaka kulia, mtu mzima na ndevu zangu.

Bibi akauliza kulikoni. Nikamweleza kwamba keki haifiki kesho, na siku yake ni kesho.

"Nani kakwambia kesho?" akasema. "Siku inaanza jua likizama, we mtu wa simu! Leo magharibi Mfunguo Mosi unaingia. Na mimi nilizaliwa magharibi hiyohiyo, watu wako kwenye futari."

Basi adhana ilipolia tukafungua kwa tende na uji, kisha nikaileta keki, imelala upande. Nikammwagia Bibi maji, kama wamwagiwavyo wenye siku ya kuzaliwa, ila kata moja tu, tena miguuni, maana maji ya kunywa huku hayachezewi. Akapiga kelele za furaha, nami nikafurahi kuliko yeye.

Jirani akasikia, akachungulia mlangoni kututakia Idi njema. Bibi, krimu puani, akamkatiza.

"Idi yenu kesho asubuhi. Saa hizi ni yangu. Ingia unipe hongera."