Pete Nyeupe Nyuma ya Nyumba

Kazini wanamwita mume wangu Unyevu, na mimi nimeshazoea. Anatafuta kuni za kituo cha umeme. Siyo kuni za jikoni, jamani. Ni miti mizima inayosagwa na mashine, wenyewe wanaziita chipsi, ila hizi hazikaangwi. Zinaingia kwenye tanuri lisilojua kushiba. Anazunguka mashambani kununua miti, kisha anarudi getini kupokea malori. Kila lori anazamisha mkono kwenye shehena mpaka begani, anatoa konzi, ananusa, ndipo anachomeka kipimo cha unyevu. Zikiwa mbichi, lori linageuzwa. Hata nyumbani akipewa shuka anauliza kama limekauka. Mtu gani huyo!

Mwaka huu miti ya karibu iliadimika, akawa anarudi mikono mitupu. Mama mkwe ndiye aliyemwokoa.

"Chukua yangu, mwanangu," alisema. "Ila ule mstari wa nyuma ya nyumba niachie. Aliupanda baba yako. Nikiutazama, nyumba inakuwa na mtu."

Mume wangu akaapa. Akachukua kopo la rangi, akauzungushia kila mkaratusi wa mstari ule pete nyeupe. Iliyobaki akaichora msalaba. Kwa wakataji wake, pete maana yake usiguse, na msalaba ni kata. Hata mlevi wao analijua hilo.

Lakini wakataji wake walihamishwa, wakaletwa wa kukodi. Huko kwao alama ni kinyume chake: mti wenye pete unakatwa, wenye msalaba unaachwa. Mume wangu aliwapigia simu tu akawaambia wafuate alama. Wakafuata. Mama mkwe alikuwa kwetu miezi hiyo yote akingoja zamu ya upasuaji wa macho, kwa hiyo miti ililala juani ikakauka, ikasagwa, na hakuna aliyejua.

Siku lori lilipofika nilikuwa getini, nimempelekea chakula. Mkono wake ulikuwa tayari umezama kwenye shehena.

"Hizi za kwa bi mkubwa, nyuma ya nyumba," dereva akasema kwa furaha. "Yenye misalaba hatujaigusa, bosi."

Mume wangu hakuuchomoa mkono. Aliuzamisha zaidi, ndipo akatoa konzi, akanusa. Akachomeka kipimo, akakisoma.

"Ingiza," akasema.

"We mwanamume!" nikamvaa. "Si uligeuze lori, hata kwa uongo kwamba ni mbichi!"

"Likigeuzwa liende wapi?"

Akaketi akala chakula chote, akakwangua na sufuria. Nilimchukia, nasema kweli. Halafu nikajikuta hata kuchukia sina nguvu, nikakusanya vyombo vyangu nikaondoka.

Jioni aliketi kitandani kwa mama yake na kumwambia yote, kwa sauti ileile anayosomea kipimo. Macho ya mama mkwe yalikuwa bado yamefungwa bandeji za upasuaji wa jana. Akapapasa mpaka akaupata mkono wa mwanawe.

"Zilikuwa kavu?"

"Kavu, mama."

"Hukuzirudisha?"

"Sikuzirudisha."

"Afadhali," akasema, akageukia ukutani.

Asubuhi nilimpeleka hospitali kufunguliwa bandeji, kama tulivyopangiwa. Muuguzi alikuwa mchangamfu, akamwambia leo ataona mpaka mbali, arudi kwake akatazame shamba lake. Akashika mkasi. Mama mkwe akaweka kiganja juu ya bandeji.

"Iache kwanza, mwanangu," akamwambia. "Sina haraka."