Hellen Adoyo azisaka nyimbo za kwaya ndani ya kompyuta yake

Hellen Adoyo anabonyeza herufi Y, kumaanisha ndiyo. Kioo cheusi cha kompyuta kinapokea jibu lake, kinanyamaza kidogo, kisha kinaleta swali lingine kwa Kiingereza. Analisoma lote, midomo ikicheza, kama vile hajapata kuliona. Anabonyeza Y tena.

"Sasa inauliza nini?" anasema fundi cherehani anayekaa naye chumba kimoja, bila kuinua macho kutoka kwenye kola ya shati.

"Kile kile. Nimeokota kitu hakina mwenyewe, nikiweke?"

"Na wewe unasemaje?"

"Nasema weka. Nitakataaje, dada Ng'washi? Huenda ni wimbo."

Ni Alhamisi alasiri, mwaka huu wa 1999, Mkuyuni, Mwanza. Upande mmoja wa chumba ni cherehani ya Ng'washi na rundo la vitambaa. Upande wa pili ni meza ya Hellen yenye kompyuta ya zamani, printa ya utepe, na kibao kilichoandikwa kwa rangi ya bluu: Uchapaji, Barua, Kadi, Risala.

Tangu baada ya Krismasi, Hellen amekuwa akichapa kitabu cha nyimbo cha kwaya za Pasiansi na makanisa ya kando ya ziwa. Humo mna nyimbo za Kiswahili, Kisukuma, Kikerewe na Kijaluo, nyingi zikiwa zimetungwa na wanakwaya wenyewe. Kitabu kinatakiwa kutoka wakati wa sikukuu ya mavuno.

Jumapili hii kamati inakutana kuona kazi ilipofika. Wapo wajumbe wanaotaka ihamishiwe mjini, kwenye duka lenye kompyuta mpya. Nayo kazi yenyewe, hadi Alhamisi hii, hakuna anayejua iko wapi ndani ya mashine.

"Nikienda mikono mitupu wataihamisha, na sitawalaumu," anasema Hellen. Sauti yake ni ya chini, ya mtu asiyependa kuhurumiwa. "Lakini sijafika huko bado."

Mkasa wenyewe ulitokea Jumanne. Umeme ulianza kupepesa, na Mkuyuni kila mtu anajua la kufanya umeme ukipepesa. Aliye karibu anakimbilia ukutani na kuchomoa kila kitu, kiwe chake au cha jirani, maana ukikatika hurudi kwa kishindo, na redio na majokofu ya watu yameungua kwa namna hiyo.

Hellen alikuwa amevuka barabara kufuata chai. Cherehani ya Ng'washi ni ya kukanyaga kwa mguu, haina habari na umeme, kwa hiyo mwenyewe alikuwa huru. Akaruka rundo la vitambaa, akachomoa waya za kompyuta na printa kwa mkupuo mmoja.

"Nilijipongeza kabisa," anasimulia Ng'washi, ambaye humwita Hellen mama Akinyi. "Nikakaa namsubiri mama Akinyi arudi aniambie asante. Na umeme wenyewe haukukatika! Ulipepesa, ukatulia."

Hellen hakusema asante, wala hakugomba. "Alitaka kuniokolea mashine. Ingekuwa yake, nami ningeichomoa hivyo hivyo," anasema. "Ila hii yangu haitaki kuchomolewa. Inataka kuagwa. Unaiandikia kwamba sasa tunafunga, unaiacha ikusanye vitu vyake, ikimaliza inakwambia. Ukiichomoa ghafla ni kama umemtoa mtu bafuni na sabuni usoni."

Alipoiwasha, mashine iligoma. Ilijaza kioo maneno, ikadai neno la siri la msimamizi, kisha ikasimama.

Palikuwa na njia mbili za kujiokoa, na zote mbili zilikuwa zimekwisha kuharibika. Ya kwanza ilikuwa disketi alizohifadhia nakala. Zilikaa kwenye droo isiyofunga vizuri, na chumba chenyewe ki jirani na mashine ya kusaga nafaka, na unga ulikwisha kuziingia. Iliyosomeka ilikuwa moja tu, yenye nyimbo chache za mwanzo.

Ya pili ilikuwa karatasi zenyewe, zile walizoandika walimu wa kwaya kwa mkono. Hellen alizisoma mbele ya kompyuta mstari kwa mstari, akahakikisha kila neno limeingia, kisha akampa Getruda anayeuza karanga karibu na kituo cha mabasi. Hapa mjini karatasi nzuri haitupwi. Inafungia karanga.

"Nilishaona zimeingia kwenye mashine," anasema Hellen. "Kitu kikishaingia kwenye mashine, karatasi ya nini tena? Hapo ndipo nilipokosea."

"Abiria wa Shinyanga wamekula karanga kwenye pambio," anadakia Ng'washi. "Kama walisoma, wameokoka."

Hellen anacheka, kisha anarudi kwenye kioo. Y.

Alizaliwa Shirati, mkoani Mara, akaja Mwanza akiwa binti kufanya kazi ya kupiga taipu katika chama cha ushirika kilichokuwa kikinunua pamba. Soko lilipofunguliwa na wanunuzi binafsi kuingia na malori yao, ushirika ulipunguza watu, naye akawa miongoni mwao. Alitoka na barua ya shukrani na mashine ya taipu aliyouziwa kwa bei ya chakavu.

Kwa mashine hiyo alichapa barua za kuomba kazi kwenye viwanda vya minofu ya samaki, na ripoti za mtaalamu mmoja wa visima kutoka Uholanzi. Mtaalamu huyo alipomaliza mkataba, alimwachia kompyuta yake na kitabu kinene.

"Aliniambia, ndani yake mna Linux, ni ya bure, hujaiba kwa mtu, na ukitaka kujua inavyofanya kazi hakuna mlango uliofungwa," anakumbuka. "Mimi sikuelewa hata moja. Nilidhani Linux ni jina la kiwanda kilichotengeneza kompyuta. Kumbe ni programu inayoiendesha mashine nzima, kama Windows."

Hakuna aliyemfundisha. Alikaa na kitabu upande huu, kamusi upande ule, akasoma ukurasa baada ya ukurasa, na asipoelewa alirudia kesho yake.

Shida ya kwanza ilikuwa printa. Kila mstari ulianzia pale ulipoishia mwenzake, maneno yakateremka kwenda kulia mpaka yakadondoka ukingoni mwa karatasi. Mteja wa kwanza alikuwa bwana mmoja mwenye risala ya harusi. Aliigeuza karatasi huku na huku, akasema, "Mama, mbona risala yangu inashuka ngazi?"

Ilimchukua majuma kadhaa kupata dawa. Wakati huo alirudi kwenye taipu, na wateja wakarudi kumcheka kidogo.

Shida ya pili haijaisha mpaka leo. Wateja huja na disketi zenye kazi zilizofanywa kwenye Windows, na mashine yake ama haizifungui ama inazifungua zikiwa na michoro ya ajabu katikati ya maneno. Tena wengi wanapenda kuona madirisha na rangi. Yake inayo sura hiyo, lakini kwa umri wake ukiiita unaweza kwenda kununua dagaa, ukawachambua, ukarudi, bado haijafika. Kwa hiyo anafanya kazi kwenye kioo cheusi. Kuna wateja wanaochungulia mlangoni, wakiuona weusi ule, wanaaga.

Ukurasa mmoja anauchapa kwa shilingi mia tatu. Kwa kazi ndogo ndogo hizo anapata chakula, lakini sehemu yake ya kodi ya chumba mwaka huu imetokana na kitabu cha kwaya. Kikiondoka, na meza itabidi iondoke.

Jumatano alikuja Josephat, kijana fundi wa kompyuta mwenye duka mtaa wa pili. Aliangalia, akasikitika kwa dhati.

"Mama, dawa hapa ni kufuta kila kitu, tuweke Windows. Kesho asubuhi unaanza kazi kama watu wengine."

"Na nyimbo?"

"Nyimbo utachapa tena."

"Karatasi zimeliwa, Josephat."

"Basi hata kama zimo, utazitoaje?"

Josephat hakusema uongo. Kwa wateja wa siku hizi, Windows ingempunguzia Hellen safari nyingi, na safari hizo anazifanya kwenda kwa Josephat huyo huyo, ambaye humgeuzia kazi za wateja ziwe maandishi ya kawaida kwa bei ya soda. Lakini Hellen alimwomba angoje.

"Nilimwambia kufuta hakukimbii," anasema. "Tunaweza kufuta hata mwezi ujao. Kwanza niisikilize inauliza nini."

Siku hiyo yote aliimaliza kwenye kitabu, akisoma sura ya kukarabati. Leo ameingiza neno la siri, ameiamuru mashine ijikague, na ndiyo ameanza kujibu.

Maswali yanakoma bila kuaga. Kioo kinatulia, kinaandika mstari mmoja, kisha kinasubiri. Hellen naye anasubiri, mkono umening'inia juu ya vitufe. Anaiwasha mashine upya, na safari hii inafunguka mpaka mwisho.

Folda ya nyimbo haipo.

Ng'washi ameacha kukanyaga. "Haimo?"

"Kule haimo. Ngoja." Anaandika polepole. Kitabu kilimwambia mashine inayo folda yake ya vilivyopotea vikaokotwa. Anaifungua. Ndani mna mafaili, mengi, na hakuna hata moja lenye jina. Yote ni namba.

Anafungua la kwanza. Ni nusu ya barua ya mtu aliyeomba kazi ya kuparua sangara. La pili ni vurugu tupu. La tatu linafunguka kwa mistari mifupi mifupi, kwa lugha ya Kikerewe, ambayo Hellen haijui. Aliichapa herufi kwa herufi, kama mtu anayenakili maua ya kitenge.

"Hodi! Nimesikia kwaya yangu imemezwa!"

Ni Odeta, katibu wa kwaya, ametoka Pasiansi bado na kanga ya jikoni kiunoni.

"Karibu, Odeta. Haijamezwa, imevuliwa majina. Hebu njoo, huu ni upi?"

Odeta anainama, anasoma mstari wa kwanza kimya, halafu unamtoka kwa sauti, na wa pili unaufuata. Mguu unaanza kupiga sakafu. "Huu ni wa mama zetu wa Ukerewe! Wa sadaka! Uandike jina haraka kabla hujakimbia."

Hellen anaandika jina na kuuhifadhi kwenye disketi mpya, moja ya zile alizoletewa na Josephat mchana bila kuombwa, zikiwa kwenye mfuko wa nailoni uliofungwa vizuri. Anafungua namba nyingine. Odeta anaimba. Anafungua nyingine.

Mlangoni wanaanza kusimama watu. Mteja aliyefuata suruali yake anaombwa ashike sauti ya nne, na anaishika. Getruda amekuja na beseni lake la karanga kichwani, anasikiliza wimbo wa Kisukuma, macho yanamtoka.

"Huo naujua! Niliufungia karanga jana!"

"Getruda, wewe nyamaza," anasema Odeta. "Una kesi ya kujibu."

"Kesi gani, na karatasi nilipewa? Mwulize mama Akinyi!"

"Ni kweli nilimpa," anasema Hellen, na chumba kizima kinaangua kicheko.

Jua linapoanza kuteremka nyuma ya mawe ya mlimani, sehemu kubwa ya nyimbo imekwisha kupata majina. Bado kuna namba ambazo hazijafunguliwa, na nyingine zimefunguka zikiwa vipande. Odeta amekauka koo, ameletewa maji.

Ndipo Hellen anapofungua faili la Kijaluo, na hili halihitaji kuimbiwa. Ni wimbo wa Odoyo, mvuvi aliyewahi kuimba besi Pasiansi kabla hajahamia Busisi, ng'ambo ya ziwa. Ubeti wa kwanza upo. Wa pili upo. Wa tatu unakatika katikati ya neno, na baada yake hakuna kitu.

"Malizia tu," anasema Odeta. "Wewe si Mjaluo? Weka maneno mazuri, nani atajua?"

"Mjaluo ndiyo. Mtungaji si mimi."

"Mama Akinyi, kamati ni Jumapili! Wakiona kitabu kina pengo, wale wanaotaka mjini watapata la kusema."

Hellen anaisoma tena mistari ile. Anaona jinsi ubeti ulivyoanza, na maneno ya kuumalizia hayangemshinda. Vidole viko tayari juu ya vitufe.

"Wakiniuliza kwa nini pana pengo, nitawaeleza," anasema hatimaye. "Wakiniuliza nani alitunga ubeti huu, nitasema nini? Odoyo ataufungua mwenyewe kanisani, aimbe maneno ambayo hakuyasema. Hapana."

Odeta anashusha pumzi. "Basi Jumapili mimi nitasema nilichokiona hapa leo. Zaidi ya hapo sijui."

"Hicho kinatosha."

Hellen ana mipango. Akibaki na kitabu, malipo ya mwisho yatanunua kifaa cha kushikilia umeme, ili mashine ipate muda wa kuagwa hata gridi ikikasirika. Anataka pia kuandika kwa Kiswahili namna ya kutengeneza printa inayoshuka ngazi, karatasi moja tu, abandike ukutani. Amesikia kuna mwalimu wa sekondari amepewa mashine kama yake, na amekwama hapo hapo.

Kuhusu Windows, hajaapa. "Siku ikibidi nitaiweka. Sina ugomvi nayo. Lakini isiwe kwa sababu nilichoka kusoma."

Watu mlangoni wametawanyika. Ng'washi anakunja vitambaa. Hellen ananakili beti mbili za Odoyo kwenye karatasi, anaacha nafasi ya kutosha chini yake, anaikunja na kuitia kwenye pochi pamoja na kalamu.

"Namba zilizobaki nitazifungua nikirudi," anamwambia Ng'washi. "Wateja wakija, waambie nimevuka."

"Umevuka kwenda wapi?"

"Ubeti wa tatu uko Busisi. Kesho na kivuko cha kwanza naufuata."