Tumbo Langu na Maziwa ya Kijiji

Ngoja niseme mapema, asije mtu akanisuta baadaye: maziwa nilikunywa. Kikombe kimoja cha bati, kila asubuhi, kabla sijafungua mlango wa banda la kugawia. Sikuuita wizi. Niliita kuonja, maana mtu aliyekabidhiwa maziwa ya watoto lazima ajue kama yamechacha au hayajachacha, au sivyo? Ndivyo nilivyojiambia, na ulimi wangu haukunibishia hata siku moja.

Kijiji chetu kilikuwa upande wa Igunga, kipya kabisa, miaka ile ya vijiji vya ujamaa. Tulihamia pale na vyungu vyetu na kuku wetu, tukajenga nyumba kwa mistari. Ng'ombe wa kijiji walikuwa wa wote, na maziwa ya asubuhi yalikuwa ya watoto wa chekechea. Mimi nilichaguliwa kuyapokea na kuyagawa, kwa sababu nilijua kusoma, na kwa sababu, nadhani, wakati ule nilikuwa mwembamba. Watu humwamini mtu mwembamba kwenye mambo ya chakula.

Shida ni kwamba wembamba wenyewe haukudumu. Mikono ilibaki ileile, miguu ileile kama ya korongo, lakini tumbo likaanza kunitangulia. Mwaka wa kwanza niliongeza tundu kwenye mkanda. Mwaka wa pili nikauacha mkanda, nikafunga kamba. Halikuuma. Lilikuwa zito tu, na tonge tatu za ugali zilitosha kunishibisha. Usiku nikigeukia ubavu huu, nalo taratibu linanifuata. Mke wangu alisema analisikia likihama, na akahamia ukutani.

Sasa kumbuka ilikuwa miaka gani. Kila bango lililobandikwa pale ofisini lilimchora mnyonyaji vilevile: ana kitambi, amekaa, wenzake wanalima. Mimi nilikuwa napita mbele ya mabango hayo kila siku, tumbo limetangulia, mwenyewe nafuata.

Aliyeniponza ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu, balozi wetu wa nyumba kumi. Kwetu shemeji ana ruhusa. Akikuita mlafi, wewe unamwita mchawi, mnacheka, mnanawa, mnakula sahani moja. Basi siku ya mkutano wa kijiji wazazi walikuwa wanalalamika kwamba maziwa hayawatoshi watoto. Shemeji akainuka, akalitazama tumbo langu kwa utulivu, akasema: "Ndugu Mwenyekiti, maziwa hayajapotea. Yale pale, yamekaa mstari wa pili."

Watu walivunjika mbavu. Hata mimi nilicheka. Lakini katibu wetu alikuwa mgeni, aliletwa wiki ile ile, na hakujua kwamba sisi wawili ni mashemeji. Akaandika: balozi amethibitisha kuwa maziwa yamo tumboni mwa mgawaji. Na likishaandikwa, nani wa kulifuta? Shemeji angesema alitania, ingekuwa ameufanyia mkutano wa kijiji mzaha, naye ni kiongozi. Akatazama viatu vyake. Ufunguo wa banda nikanyang'anywa papo hapo. Nikaambiwa mkutano ujao nije nilieleze tumbo langu, la sivyo napelekwa mahakamani kwa kuiba chakula cha watoto. Nilieleze tumbo! Mimi ndiye niliyeliumba?

Nilikasirika, nisidanganye. Nilikasirika kwa haki kabisa, tena kwa sauti. Ndiyo raha ya kusingiziwa kubwa kuliko ulilotenda, lile dogo unalisahau. Kikombe kimoja kitazaa vipi tumbo lile? Labda pipa.

Mganga wa zahanati akaniambia ni bandama, imevimba kwa malaria za miaka mingi. Akanipa vidonge vichungu mpaka masikio yakavuma. Mzee mmoja wa dawa za miti akasema nimerogwa na mwenye wivu, ingawa hakuniambia huyo mtu alikuwa anaonea wivu kitu gani. Tumbo likapokea dawa zote mbili bila ubaguzi, likaongezeka. Kisha nikaanza kutapika. Siku tatu hakikukaa kitu, hata uji. Mke wangu akalia, na mimi nilipoona analia nikajua mchezo umekwisha.

Nikapakiwa juu ya lori la pamba kwenda Tabora. Shemeji akaja nami, kwa agizo la mkutano, awe shahidi wa tumbo. Kipande kile cha njia babu yangu alikipita na pembe ya ndovu begani, akienda kujiunga na msafara wa pwani. Mimi nilikipita chali juu ya magunia, mzigo wangu ndani. Kila mara lori liliporuka shimo niliomba radhi kwa dhambi moja, na mashimo yalikuwa mengi kuliko dhambi.

Daktari wa upasuaji alikuwa Mhindi, mzaliwa wa Tabora hapo hapo, baba yake akiuza vitambaa karibu na soko. Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko changu. Akaweka mikono miwili juu ya tumbo, akalisukuma kwenda kulia. Likaenda. Akalisukuma kushoto, likaenda. Akalisukuma juu, likagoma. Chini, likagoma. Akarudia, akatabasamu peke yake.

"Bwana, umewahi kuchinja mbuzi?"

"Wengi tu, daktari."

"Ukitoa utumbo, kuna utando wa mafuta umeushikilia, umeshonwa mgongoni. Unaujua?"

"Ule tunaougombania kuchoma?"

"Huo huo. Kwenye wako pameota mfuko, umejaa maji. Kwa sababu umeshikwa na utando, unayumba huku na huku, lakini juu na chini haufiki. Bandama haiyumbi namna hii."

Akanipeleka eksirei. Picha ilionyesha matumbo yangu yamesukumwa pembeni yote, na katikati pamekaa kivuli kikubwa chenye raha zake. Akasema tusipokitoa, siku moja kitajisokota pamoja na utumbo, na hapo hakuna atakayeniwahi. Niliogopa. Lakini kinywa changu kina akili zake, kikauliza: "Daktari, mfuko huo unaletwa na maziwa?"

"Maziwa? Nani amekwambia?"

Shemeji akatazama dari.

"Basi nikifa," nikasema, "tafadhali andika kwamba hayakuwa maziwa."

Asubuhi ya upasuaji shemeji alitoa damu kwa ajili yangu, nami nikanusishwa dawa ya usingizi. Yaliyofuata nilisimuliwa na muuguzi. Pale hospitali walikuwa na desturi: kilichotolewa tumboni kwa mtu lazima ndugu zake wakione, wasije wakasema daktari kaiba figo. Kwa hiyo shemeji akaitwa mlangoni, akaonyeshwa beseni. Ndani kulikuwa na mfuko sawa na boga, umeng'ang'ania kipande cha utumbo, vyote viwili vimekatwa kwa pamoja; ncha za utumbo uliobaki tumboni zilikuwa zimeshaungwa. Daktari alikuwa amefurahishwa na kazi yake. Akautoboa mfuko ili shahidi aone ndani kuna nini.

Kikamwagika kitu cheupe, kizito, mpaka beseni likajaa.

"Jamani, maziwa!" shemeji akapiga kelele. "Kumbe kweli!" Kisha, kwa vile alikuwa ametoka kutoa damu, akateleza na ukuta polepole mpaka chini. Muuguzi alinisimulia huku amejiziba mdomo. Nami sikuweza kucheka, kila nilipojaribu mshono ulinikumbusha adabu.

Daktari akatueleza wote wawili kitandani. Mafuta ya chakula, yawe ya karanga au nyama, yakitoka kwenye utumbo hupita ndani ya vijifereji vyembamba kwenye ule utando, na humo huwa meupe. Kijifereji changu kimoja kiliziba, labda tangu kuzaliwa, yakawa yanakusanyika. "Angekula karanga tu maisha yake yote, yangekuwa meupe vilevile."

"Hata angekunywa maziwa?" shemeji akauliza.

"Hata maziwa. Lakini maziwa hayakuleta mfuko."

Shemeji akafikiri. "Daktari, hiyo 'hata maziwa' usiiandike."

Siku ya tatu nikajamba, wodi nzima ikapiga makofi, na muuguzi akaniruhusu uji, kwani utumbo ulikuwa umefunguka. Sijawahi kusifiwa vile kwa kazi ndogo namna ile. Nilipotoka nilikuwa na barua yenye mhuri, na shati langu lilikuwa linapepea.

Mkutano ukaitishwa. Katibu akaisoma barua amesimama: uvimbe wa utando wa utumbo, haukusababishwa na unywaji wa maziwa. Mwenyekiti akaniomba radhi mbele ya wote, akanirudishia ufunguo. Watu wakapiga makofi. Hapo ndipo aibu ilipokuja kunishika, baada ya makofi, ufunguo ukiwa mkononi. Sijui ni dawa ya usingizi iliyonilegeza. Nikasimama, nikasema: "Ndugu zangu, maziwa nilikuwa nakunywa. Kikombe kimoja, kila asubuhi."

Mkutano mzima ukaangua kicheko. "Amepona huyu!" mmoja akapaza sauti. "Utani wake umerudi!" Nikasema tena, wakacheka zaidi. Nikamgeukia katibu aandike, akafunga daftari. "Ndugu, utani siandiki tena," akasema. "Na barua ina mhuri."

Watu walipotawanyika, bibi mmoja wa nyumba za mwisho kabisa, anayelea mjukuu peke yake, alibaki amesimama. Nikamwendea.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wenzangu wamecheka, mimi nimekusikia. Kikombe kimoja, umesema?"

"Kimoja tu, bibi."

"Mjukuu wangu ana miguu mibovu. Kwenye mstari hufika wa mwisho. Kila siku alikuwa anarudi na kikombe kikavu, ananiambia, bibi, yamekwisha kabla yangu. Sikumwamini. Nilidhani anacheza njiani anayamwaga." Akajifunga kanga vizuri. "Nilikuwa nampiga."

Akaondoka, wala hakusubiri nimwombe radhi. Asubuhi iliyofuata nilianza kugawa kutoka mwisho wa mstari.